Nyama ya kusaga ya bata mzinga inakusumbua? Tuanze na dalili unayoiona

Huku Mtwara na Lindi wapo wanaofuga bata mzinga uani, wapo wanaosaga kidari cha kuku wa kisasa, na lengo ni lile lile, kupata nyama ya kila siku isiyo na mafuta mengi, uiweke kwenye mchuzi, kwenye tambi, kwenye kababu za watoto za kubeba shule. Lengo zuri kabisa. Tatizo linakuja mezani, nyama imekauka, haina ladha, kababu zimemeguka, mzee anakula vijiko viwili anasogeza sahani pembeni na wewe unaamua bora turudi kwenye ng'ombe tujue moja.

Usirudi kwanza. Karibu kila lalamiko ninalolisikia kuhusu nyama hii chanzo chake ni kimoja, inapikwa kama ng'ombe. Ng'ombe wa kusaga anakuja na mafuta yake, ukizidisha moto mafuta yanakusitiri, ukizidisha dakika kumi bado inatafunika. Bata mzinga hana hiyo akiba. Kidari chake bila ngozi kina kama gramu 1 hadi 2 tu za mafuta kwenye kila gramu 100, protini kama gramu 23, na karibu yote inayobaki ni maji. Hayo maji ndo ulaini wake. Ukiyakamua yote umebaki na nyuzi, na ukiyaacha yajae kwenye fraipani wakati unataka kukaanga, unakula nyama ya kuchemsha. Kwahiyo dalili yoyote unayoiona hapo chini, swali la kwanza ni hilo: maji yako wapi, na yalitakiwa kuwa wapi?

Ninachosema kuhusu bata mzinga kinafanya kazi pia kwa kuku wa kusaga, tofauti ni ndogo, nitazitaja pale zinapohusu.

Imetoka kwenye mashine imekuwa uji, au imejaa nyuzi ngumu

Wenzetu wa Marekani wananunua ikiwa imeshasagwa, kwenye pakiti, na juu kuna namba, 85, 93 au 99. Hiyo namba ni asilimia ya nyama isiyo mafuta, yani ukiona 93 ujue gramu 7 kati ya 100 ni mafuta, ukiona 85 ni gramu 15, ukiona 99 hicho ni kidari kitupu. Sisi huku mara nyingi tunaanza na ndege mzima, tena hai, kwahiyo hiyo namba tunaitengeneza wenyewe, na hapa ndo matatizo mengi yanapoanzia hata kabla jiko halijawashwa.

Angalia mguu wa chini, ule chini ya paja. Ukikata ngozi kuzunguka kifundo na kuivuta utaona mishipa myeupe imejipanga kuuzunguka mfupa, myembamba, inang'aa, na kwa bata mzinga aliyekomaa mingine imeshakuwa mfupa kabisa, ukiigonga na ncha ya kisu inalia. Kuku hana kitu hicho kwa kiasi kile. Hiyo mishipa ikiingia kwenye mashine haisagiki, inajizungusha kwenye kisu, kisu kinaacha kukata kinaanza kuponda, na nyama inatoka imekuwa uji huku nyuzi nazo zikipita nzima nzima. Itoe. Shika mshipa mmoja mmoja kwa plaizi safi, tanguliza mgongo wa kisu ukisukuma nyama kurudi nyuma, unachomoka. Inachukua muda ndio, ila mguu wa chini una nyama tamu na yenye unyevu kuliko kidari, ukiitupa umetupa sehemu ya kukuokoa. Kama huna muda huo basi mguu wa chini uchemshie supu, paja na kidari ndo usage.

Uji unaweza kuja pia kwa sababu ya joto. Nyama ya uvuguvugu na mashine ya uvuguvugu haviendani, mafuta machache yaliyopo yanajipaka kwenye matundu na nyama inasuguliwa badala ya kukatwa. Kata vipande vya sentimita 2 au 3, vitandaze kwenye sinia, ingiza friza mpaka vianze kukakamaa kwa nje lakini katikati kisu bado kinapita, na vyuma vya mashine (kisu, ile sahani ya matundu, na lile bomba refu la kusukumia) navyo viweke friza humo humo. Afu saga mara moja tu kwa matundu ya wastani. Hakikisha kisu kimeangalia upande sahihi, ubapa wake ugusane na sahani, maana nimeona mashine nyingi zinalaumiwa kumbe kisu kimegeuzwa.

Jingine ni haraka. Ndege aliyechinjwa asubuhi akasagwa saa tano bado nyama imekaza, hata upike vipi inakuwa na ukinzani mdomoni. Mpoze haraka, mlaze kwenye friji mpaka kesho yake, ndo umsage.

Na mchanganyiko: mi nashauri sehemu mbili za paja kwa sehemu moja ya kidari, ngozi pembeni. Paja lina rangi ya kuiva zaidi na mafuta kidogo zaidi ya kidari, na bado ni nyama nyepesi. Ukisaga na ngozi yote itakuwa laini kweli lakini ile sababu ya kuacha ng'ombe inapungua sana, hasa kama nyumbani kuna mtu ameambiwa apunguze mafuta.

Inajaa maji kwenye fraipani, haipati rangi

Hii ndo dalili kubwa kuliko zote na ndo mama wa zile mbili zinazofuata, kwahiyo nikae hapa kidogo.

Nyama inapata ile rangi ya kahawia na harufu ya kukaangwa pale uso wake unapofika joto la kama digrii 140 na kuendelea. Maji yanachemka kwenye 100. Maana yake muda wote ambao kuna maji chini ya nyama, haiwezi kuvuka 100, utasubiri mpaka mkono uchoke na itabaki nyeupe nyeupe ya kijivu. Na watu wengi wanachofanya wakiona hivo wanaendelea kukoroga na kusubiri maji yakauke, dakika kumi na tano, ishirini, maji yanaisha kweli, lakini yaliyoisha ni yale yaliyokuwa ndani ya nyama. Umepata rangi kidogo, umepoteza kila kitu kingine.

Sababu za maji kujaa ni hizi. Nyama imetolewa friza ikatupwa ikiwa na barafu. Au imeoshwa, na hapa naomba tuelewane kabisa, nyama iliyosagwa haioshwi, ukiiosha umeiloweka, na juu ya hapo maji yanarusha vijidudu kwenye sinki na vyombo vyote vya jirani. Osha mikono yako, nyama acha. Au fraipani ni ndogo umejaza kilo nzima, zile za chini zinatoa maji, za juu zinafunika mvuke usitoke. Au fraipani haijapata moto. Au chumvi imewekwa mapema, chumvi inavuta maji yatoke. Au umefunika na mfuniko.

Dawa yake: nyama iwe imeyeyuka kabisa, mwaga ile damu damu ya chini ya chombo. Fraipani nzito, pana, iachwe ipate moto ikiwa tupu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, izungushe. Weka nusu kilo tu, itandaze kama chapati nene, afu usiiguse. Sikiliza. Mwanzo inalia kwa nguvu, inapiga kelele kali na kavu, hiyo ndo unayoitaka. Sauti ikishuka ikawa ya kutokota, maji yamejaa, ongeza moto au punguza nyama. Ikae dakika tatu nne bila kukorogwa mpaka upande wa chini uwe na rangi, ndo ugeuze kwa mabonge, ndo uanze kuvunja na mwiko. Rangi ya upande mmoja inatosha kabisa, huna haja ya kila punje iwe ya kahawia. Kwenye jiko la mkaa subiri mkaa uwe mwekundu wote, sio ule umeshika nusu, na kama una kilo nzima kaanga mara mbili, ya kwanza itoe weka pembeni.

Kuna msaada mmoja wa dukani, bekingi soda. Robo kijiko cha chai kwa nusu kilo, uikoroge kwenye kijiko cha maji, changanya na nyama, subiri robo saa. Nyama inashika maji yake vizuri zaidi na inapata rangi upesi. Usizidishe maana itakuja na ladha ya sabuni. Na angalia pakiti, isiwe bekingi pauda, na isiwe yale magadi ya kulainishia maharage, hayo ni mambo mengine.

Imekauka kama machicha ya nazi

Nyuzi za nyama zikipita kama digrii 60 kwenda 70 zinaanza kujikaza na kukamua maji yake. Ng'ombe anakuwa na mafuta ya kuziba pengo, huyu hana. Kwahiyo ukiikaanga mpaka iive kabisa, afu ukaongeza nyanya ukaipika tena dakika ishirini, umeipika mara mbili.

Geuza utaratibu. Kaanga nyama mpaka ipate rangi upande mmoja na katikati bado haijamaliza, itoe kwenye sahani safi. Kwenye fraipani ile ile pika vitunguu, thomu, tangawizi, nyanya, mpaka mchuzi uwe umekamilika, umenoga, umeonja umeridhika. Ndo rudisha nyama na maji maji yake yote yaliyobaki kwenye sahani, ichemke humo dakika kama tano, sita, hakuna alama ya ubichi, zima.

Cha pili, ipe mwenza mwenye maji. Kitunguu kilichokunwa, karoti ya kukuna, boga, uyoga uliokatwa mdogo mdogo, biringanya lililochomwa likapondwa. Boga la hapa kwetu likikunwa kwa matundu makubwa linapotelea kabisa kwenye nyama, watoto hawaoni na mchuzi unakuwa mzito bila unga.

Kama imeshakauka tayari: haiwezi kurudi, tusidanganyane, lakini inaweza kusitirika. Saga nyanya mbili tatu mbichi, mimina na kikombe cha supu au tui jepesi, moto mdogo, mfuniko juu, dakika kumi. Au ponda viazi mviringo vya kuchemsha, changanya humo na giligilani na pilipili, tengeneza katlesi, ukavu wake hautaonekana tena.

Haina ladha, hata ukiweka viungo vyote

Utasikia mtu analalamika, dada mi nimeweka pilau masala, nimeweka pilipili manga, nimeweka na kile kiungo cha paketi, bado inakula kama karatasi. Viungo vingi harufu yake inatoka vizuri ndani ya mafuta, na ukivinyunyizia juu ya nyama isiyo na mafuta, tena yenye maji, vinabaki unga unga tu. Anza na viungo. Kijiko cha chakula cha mafuta, bizari nyembamba, giligilani ya kusaga, manjano kidogo, moto wa wastani nusu dakika, ukisikia harufu imejaa jikoni ndo weka kitunguu. Usisubiri viwe vyeusi, vinakuwa vichungu.

Halafu kuna kile kina cha ladha ambacho ng'ombe anacho chenyewe na huyu tunampa. Nyanya ya kopo ikaangwe kwenye mafuta mpaka rangi ihame kutoka nyekundu kwenda nyekundu ya giza kabla hujaweka maji. Uyoga. Sosi ya soya kijiko cha chai (hiyo ina chumvi, kwahiyo chumvi ipunguze). Na kitu chetu wenyewe, dagaa wakavu, wasafishe, toa vichwa, wakaushe kwenye fraipani, watwange wawe unga laini, kijiko kimoja kwenye mchuzi wa nusu kilo. Hausikii dagaa, unasikia mchuzi umekuwa na mwili.

Mwisho kabisa, ndimu. Ndimu, ukwaju au embe mbichi, ikiingia mwishoni moto ukiwa umezimwa inaamsha chakula chote na inakufanya uhitaji chumvi kidogo. Hili nalitilia mkazo kwa sababu nyama ikikosa ladha mkono unakimbilia chumvi na vile vidonge vya mchuzi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, chini ya kijiko cha chai kimoja, kwa milo yote, mkate na kila kitu. Unabadili nyama kwa ajili ya presha afu unairudisha presha kwa mlango wa nyuma. Kiungo cha paketi kimoja na chumvi pembeni tayari ni nyingi, chagua kimoja.

Kababu zinameguka, au zimekuwa ngumu zinadunda

Hizi ni dalili mbili za kitu kimoja kwa hiyo nazichanganya. Nyama ikikandwa pamoja na chumvi, protini yake inatoka inakuwa nata na kushikamana. Isipotoka vya kutosha, kababu inameguka. Ikitoka kupita kiasi, kababu inajikaza na kudunda. Unachotafuta ni katikati.

Zinazomeguka: mara nyingi ni maji ya kitunguu. Kitunguu kikunwe, kikamuliwe kwa mkono mpaka kiache kudondoka, ndo kiingie (yale maji usimwage, weka kwenye mchuzi). Giligilani na hoho vikatwe vidogo sana, kipande kikubwa ni ufa wa kababu. Chumvi iweke sasa, kanda kwa vidole kama dakika moja, mpaka ukichukua bonge ukageuza kiganja linaning'inia sekunde kadhaa halianguki. Acha hapo hapo. Kama bado ni laini mno, usikimbilie unga wa ngano, weka yai moja kwa nusu kilo, au chenga za mkate zilizolowekwa kwenye maziwa, au muhogo wa kuchemsha uliopondwa ukiwa wa moto ukaachwa upoe. Muhogo ndo naupenda, upo kila kona huku, unashika vizuri na unatunza maji ndani ya kababu. Robo ya uzito wa nyama inatosha. Zikishatengenezwa zilale friji nusu saa. Na kwenye fraipani usigeuze mapema, ikishika rangi inaachia yenyewe, ukiona inang'ang'ania chini bado wakati wake.

Zinazodunda: umekanda sana, au umeweka chumvi ukaiacha masaa, au umesaga mara mbili tatu mpaka nyuzi zote zimeisha. Punguza kukanda, ongeza muhogo au chenga za mkate, weka chumvi dakika za mwisho. Na kuzibonyeza na mwiko juu ya moto ili ziive haraka ndo kuyatoa maji yote kwa mkono wako mwenyewe.

Kuhusu mafuta, kababu hazihitaji kuogelea. Fraipani yenye mafuta ya kupaka tu, moto wa wastani, ukimaliza pande zote weka vijiko viwili vya maji pembeni ufunike dakika tatu, mvuke unamalizia ndani. Kwenye oveni ni digrii 200, kama dakika 15 hadi 20 kwa kababu za saizi ya kawaida.

Imeiva au haijaiva? Ndani bado pinki

Swali hili ni la usalama kwahiyo soma taratibu. Ndege wa kufugwa wanaweza kubeba vijidudu vya salmonela na kampilobakta, na nyama ikishasagwa, kilichokuwa juu kimechanganyika mpaka katikati, hamna kababu ya bata mzinga ya nusu kuiva. Kipimo cha uhakika ni joto la katikati, digrii 74. Kipimajoto cha kuchomeka ndani ya nyama ni kidogo na hakina mambo mengi, ukikipata Dar au ukiagiziwa chukua.

Rangi inadanganya pande zote mbili. Nyama inaweza kuwa imeshafika 74 na bado ina upinki, hutokea sana kwa ndege wachanga na kwa nyama ya paja, na inaweza pia kuwa nyeupe kabla haijafika. Huna kipimajoto? Basi jipe nafasi. Kababu zisizidi unene wa sentimita 2, ziishie na ule mvuke wa mfuniko, pasua moja iliyo nene kuliko zote, katikati iwe imeshikana, majimaji yawe safi, isiwe na ule utelezi wa nyama mbichi. Nyama ya mchuzi ikae kwenye mchuzi unaochemka kweli, mapovu yanapanda.

Mwiko uliogusa nyama mbichi uoshe kabla ya kuurudisha. Ubao wa nyama usikatie kachumbari.

Ina harufu

Tofautisha mbili. Harufu ya kawaida ya ndege, nzito kidogo, hiyo inaondolewa na tangawizi, thomu na ndimu vikikaa na nyama robo saa, na mara nyingi inasababishwa na ngozi na yale mafuta ya manjano ya mkiani kusagwa humo, pamoja na ndege kutotolewa damu vizuri. Harufu ya uchachu, au ya yai bovu, pamoja na utelezi unaonata kwenye vidole, hiyo imeharibika, tupa. Hakuna kiungo cha kuifukia, na kuichemsha sana hakuondoi kila sumu iliyoachwa na bakteria.

Tui limekatika

Tui zito limechemshwa kwa moto mkali, au ndimu imeingia kabla yake. Pikia nyama kwenye tui jepesi, tui zito liingie mwisho, moto mdogo, koroga upande mmoja, likitaka kuchemka zima, ndimu ije mezani. Ndo hivo tu.

Unapika kwa afya lakini uzito na kolestro viko pale pale

Hapa nyama haina kosa, angalia kilichoizunguka. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kama kalori 120, na wengi wetu tunamimina kwa macho, tunamimina vitatu vinne. Pima kwa kijiko wiki moja tu uone. Sambusa ya bata mzinga iliyozamishwa kwenye mafuta ni sambusa tu, ile nyama nyepesi ndani haibadilishi manda. Zipake mafuta kwa brashi uzichome oveni, au iwe ya siku ya sikukuu.

Tui nalo, najua nazungumza na watu wa pwani. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya ile aina ya kuganda ambayo ndo inapandisha kolestro mbaya. Sisemi muache nazi, nasema kama unapika kila siku basi sio kila siku tui zito. Siku nyingine pika na korosho. Vile vipande vilivyovunjika, loweka nusu saa kwenye maji moto, saga na maji, mimina kwenye mchuzi, unakuwa mzito na mtamu na mafuta yake mengi ni ya aina nzuri. Kiasi kiwe kiganja kimoja kwa sufuria ya watu wanne au watano, maana korosho karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, mazuri lakini bado yana kalori.

Na kama lalamiko ni kwamba haishibishi, ni kweli, mafuta kidogo na nyama laini vinapita haraka. Ongeza mbaazi. Mbaazi kavu zilowekwe usiku, zichemshwe mpaka zilainike, changanya kikombe kimoja kwa kila robo kilo ya nyama, kwenye mchuzi wa nyanya na bizari. Unapata nyuzinyuzi, shibe inakaa, na nusu kilo iliyokuwa ya watu wanne inalisha sita saba. Kunde na choroko zinafaa vile vile. Pembeni matembele au kisamvu kwa wingi, ugali wa muhogo au ming'oko (mizizi ya porini ya huku kusini) ya kuchemsha kwa kiasi, nyama iwe robo ya sahani. Sahani ikiwa wali nusu na zaidi, nyama yoyote utakayobadili haitakusaidia sana.

Inaharibika kabla hujaimaliza

Bata mzinga dume ni nyama nyingi kwa familia moja, na joto letu la kuelekea masika halisamehe. Nyama ya kusaga mbichi kwenye friji ni siku 1 hadi 2, sio zaidi. Friza ni miezi 3 hadi 4 kwa ubora mzuri. Nje isizidi masaa 2, na siku joto limepita digrii 32 ni saa 1 tu, kwahiyo ukienda kusagisha kwa mtu mwingine nenda na deli au chombo chenye barafu, na ukirudi usipitie sehemu.

Igawe kabla ya kugandisha. Robo kilo robo kilo, kwenye mifuko ya friza, ikandamize iwe bapa unene wa kidole, toa hewa, andika tarehe. Bapa linaganda haraka na kuyeyuka haraka, bonge la kilo linayeyuka nje huku katikati bado jiwe, na wakati huo nje kumeshaanza kuharibika. Yeyushia kwenye friji usiku kucha, au kwenye maji ya baridi ikiwa imefungwa, maji yakibadilishwa kila nusu saa, na ukiyeyusha kwa maji ipike hapo hapo. Kuiacha juu ya kabati tangu asubuhi mpaka urudi kazini, hapana.

Umeme ukikatika usifungue fungue. Friji iliyofungwa inatunza ubaridi kama masaa 4, friza iliyojaa kama masaa 48, iliyojaa nusu kama 24. Kwahiyo friza yenye nafasi ijaze chupa za maji. Umeme ukirudi, nyama ambayo bado ina chembe za barafu ndani unaweza kuigandisha tena au kuipika, ile iliyoyeyuka ikawa ya uvuguvugu tupa hata kama haina harufu.

Iliyopikwa inakaa friji siku 3 hadi 4. Ipoze kwenye chombo kipana, sio sufuria nzima na mfuniko wake, ingiza ndani ya masaa 2. Unapopasha chukua kiasi cha mlo huo tu, kipashe mpaka kichemke kote, kikibaki usikirudishe tena kwenye friji.